Nguruwe pori wanamaliza shamba langu Kilwa, nimeazimwa gobore, wazoefu naombeni mbinu

shamba_boy_87
Habari za mchana wakuu. Naenda moja kwa moja maana hapa nilipo nimekaa chini ya mkorosho nimeshika tama. Nina ekari 6 huku Kilwa, ukitoka Nangurukuru unashika njia ya Liwale, ukishapita Njinjo unaingia ndani kidogo. Ekari 4 mahindi, 2 mihogo na karanga kidogo za mama watoto. Mahindi ndo yamefikia yale ya kuchoma, basi tangu wiki iliyopita nguruwe pori wanakuja kila usiku. Jana asubuhi nimehesabu mistari 11 imelala chini, na kinachoniuma zaidi hindi lenyewe hawamalizi, wanaangusha bua wanatafuna nusu wanahamia lingine kama wako harusini. Mihogo ndo usiseme, wamefukua mpaka utadhani kapita trekta.

Nimepiga madebe, nimewasha moto kona zote nne, nimesimamisha sanamu nikalivalisha koti la marehemu mzee. Siku mbili waliogopa, siku ya tatu wamekula mpaka miguuni pa sanamu.

Sasa kuna jirani kaniazima gobore lake. Ananiambia nipande dunguni usiku na tochi ya kichwani, nikisikia bua linavunjika namulika, naachia. Mimi bunduki nimeshika kipindi cha mgambo tu. Nauliza, unampiga wapi adondoke hapo hapo? Na ni kweli akijeruhiwa anakurudia au ni stori za vijiweni? Na nyama je, mimi si mlaji ila kuna vijana wa machimbo wameshaanza kuniulizia bei. Msinicheke jamani, hili shamba ndo ada ya watoto.

kitimoto_lover
Mimi nimefuata neno nyama tu, endeleeni wakuu nimekaa pale 😂

babu_wa_dungu
Mwanangu shamba_boy, hebu rudisha hiyo bunduki ya watu kabla hujaendelea kusoma. Nasema hivyo mimi ambaye nimekulia Nachingwea na gobore la baba lilikuwa linalala juu ya kitanda chetu.

Gobore nyingi za huko kwenu mtutu wake ni bomba tu limechongwa na fundi wa kijijini, baruti anayeshindilia hana kipimo, anakisia kwa kiganja. Binamu yangu jicho la kulia hana, halikutolewa na nguruwe, lilitolewa na bunduki yake mwenyewe ilipasukia huku nyuma. Na hata lisipopasuka una risasi moja tu, ukishapiga moshi unatanda huoni kitu, kushindilia tena uanze upya na mti wa kusokomezea, gizani, mikono inatetemeka, na mwenye hasira anajua ulipo kwa sababu pua yake haihitaji tochi.

Kuhusu kukurudia, hizo si stori za vijiweni. Nguruwe akipigwa vibaya hakimbii mbali, anaingia kichakani kwenye giza zaidi anatulia kimya. Wewe unafuata damu umeinama, kumbe amejibanza pembeni ya njia ile ile aliyopita. Anatokea chini. Watu wanadhani anauma kama mbwa, hapana, anaingiza kichwa katikati ya miguu anakirusha juu, yale meno ya chini yananolewa na ya juu kila anapotafuna. Ukiona amesimamisha zile nywele za mgongoni, huyo hatishii.

Sasa swali lako la apigwe wapi. Mtu akimwangalia nguruwe anaona bega kubwa anadhani moyo uko katikati ya bega, halafu analenga juu. Moyo wake uko chini na mbele, karibu na kiwiko cha mguu wa mbele. Kwa hiyo anasubiriwa asimame ubavu, mguu wa mbele umesogea mbele kidogo, unalenga nyuma ya kiwiko theluthi ya chini ya mwili. Akikuelekea uso usipige, kichwa kile kimekaa kama kabari risasi inaweza kuteleza. Akiwa na wenzake wamebanana usipige, utajeruhi wawili usiue hata mmoja. Hayo nakueleza ili umwelewe mnyama, sijakutuma.

Na hili la kupiga kwa kusikia bua limevunjika, jirani yako anataka kukupeleka jela. Kijijini kwetu mtu alisikia mahindi yanacheza akaachia, alikuwa shemeji yake katoka kujisaidia. Mpaka leo ile familia haikai kwenye msiba mmoja. Kisichoonekana chote, mwili mzima, na nyuma yake kuna nini, hakipigwi.

shamba_boy_87
Daah babu umenitisha lakini nashukuru. Nimeshuka kuliangalia vizuri hilo gobore, kitako kimefungwa na mpira wa baiskeli 😅 Linarudi leo leo. Ila sasa usiku nifanyeje maana saa 2 tu ikifika nawasikia.

sister_zahanati
Naomba niongezee kwenye hapo pa meno. Nafanya kazi zahanati ya kijiji (mkoa naomba niuweke pembeni) na kila msimu wa mahindi sikosi mgonjwa mmoja wawili wa nguruwe. Jeraha lake mkiliona mnaweza kusema mtu amekatwa na wembe, limenyooka, linaanzia juu ya goti kwa ndani linapanda kuelekea kwenye kinena, na hapo ndipo ulipopita mshipa mkubwa wa damu wa mguu. Mwaka jana kaletwa kijana kwenye pikipiki wamemfunga kitenge, ndani ya jeraha wamejaza ugoro na majivu. Walikuwa na nia nzuri lakini tulitumia muda mrefu kuosha ugoro kuliko kushona.

Mkipatwa na hilo, kitambaa kisafi kikunjwe nene, kikandamizwe juu ya jeraha kwa mikono miwili kwa nguvu na mtu asiachie kila dakika kuchungulia, mgonjwa alazwe, safari ianze. Usijaze kitu kingine humo ndani. Na hata likiwa dogo uje upate sindano ya pepopunda, meno yale yametoka kwenye tope na mizoga. Kwenye msako wenu wowote awepo mtu mwenye pikipiki yenye mafuta, sio mkaanze kutafuta lita moja wakati mtu anavuja.

mmakunduchi
Asalaam aleikum. Mie niko Makunduchi, Unguja, huku usasi wa nguruwe ni mambo ya mababu, hatumli ila tunamsaka kwa sababu ya mihogo yetu. Ndugu yangu tatizo lako unataka kupigana naye usiku, na usiku ni wake. Sie tunamfata mchana kalala.

Nguruwe mchana hayuko mbali na shamba lako wallahi, amelala kwenye kichaka kizito karibu na maji au tope la kugaragara. Zunguka ukingo wa shamba asubuhi mapema kabla jua halijakausha umande utaona pa kuingilia, anatumia vijia vile vile kila siku mpaka majani yanalala, na kwenye miti ya pembeni utakuta tope limepakwa usawa wa goti kwa sababu akishagaragara anajikuna. Ukishajua pa kulala umeshammaliza nusu.

Sie tunakwenda watu wengi, mbwa, mikuki. Wa kutoa sauti upande mmoja, wenye mikuki upande wa pili wamejipanga mstari, na kila mmoja anamjua wa kulia na wa kushoto kwake yuko wapi, hapa ndo pa muhimu kuliko mkuki. Hakuna kuhama nafasi. Hakuna kurusha mkuki, mkuki unashikwa, ukirusha umebaki na mikono mitupu na huenda umemchoma mwenzio aliyekuja mbele. Mbwa wasiokuwa na uzoefu usiwalete, watakimbia wakujie wewe na nguruwe nyuma yao. Mie mbwa wangu wawili walishachanwa matumbo, mmoja tulimshona akapona mwengine hakufika nyumbani. Tukimaliza tunajitwahirisha mara saba moja yake kwa udongo tunarudi kwetu.

kitimoto_lover
Sasa mkishamuua huyo nyama mnaipeleka wapi mkuu, naulizia rafiki yangu

mmakunduchi
Rafiki yako aje na boti ya asubuhi 😂

scout_mstaafu
Nimesoma yote. Nimefanya kazi ya wanyamapori miaka mingi, sasa nafuga kuku. Niwaambie mambo mawili ambayo naona hayajaguswa, la kwanza fupi la pili refu.

La kwanza ni sheria. Kwa bara, nguruwe pori ni mnyamapori kama wengine na anaguswa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Kuwinda bila leseni ni kosa. Sumu, mitego ya waya, mashimo, kumulika kwa taa usiku, vyote vimekatazwa bila kibali, na hata hao mbwa wa rafiki yetu wa Unguja ukiwa huku uliza kwanza, wao wana sheria zao. Sheria inatambua kuua mnyama kwa kulinda maisha au mali, lakini unatakiwa utoe taarifa, na mnyama aliyekufa ni mali ya serikali, si yako wewe wala vijana wa machimbo. Biashara ya nyamapori ina kanuni zake tangu 2020 na mabucha yake yana vibali, ukikutwa na ndoo ya nyama bila karatasi hawatakuuliza nguruwe alikula mahindi mangapi. Na gobore la kuazimwa lina kesi yake peke yake chini ya sheria ya silaha ya 2015. Kwa hiyo njia ni mtendaji wa kijiji, anaandika barua kwa afisa wanyamapori wa wilaya, wanakuja askari na silaha inayoeleweka. Najua mtasema wanachelewa. Wanachelewa kweli, andikeni wiki hii na sio siku shamba limeisha, na andikeni wengi, barua ya kaya 20 inasogea haraka kuliko ya mtu mmoja.

La pili ndo lililonifanya nifungue simu. Kijana uko Kilwa unataka kulala dunguni peke yako msimu wa mahindi. Unajua nani mwingine anamfuata nguruwe shambani? Simba. Nguruwe ni chakula chake. Mkoa wa Lindi na Rufiji ndiko watu wameliwa sana na simba nchi hii, watafiti walihesabu kuanzia 1990 mpaka 2004 zaidi ya watu 560 wameuawa na simba Tanzania, na walipochunguza kwa nini maeneo hayo wakakuta uhusiano na nguruwe pori. Nguruwe anafuata mahindi, simba anafuata nguruwe, mkulima yuko katikati amelala kwenye kibanda cha makuti akilinda nguruwe. Yule simba wa Rufiji waliyembatiza Osama, aliyeuawa Aprili 2004, alikula watu zaidi ya 30. Mimi nimeona dungu ambalo lilikuwa na urefu wa kifua cha mtu, ngazi imeachwa imesimama, blanketi liko juu na kandambili moja iko chini. Sitaki kueleza zaidi.

Dungu kama ni lazima ukae, liwe juu kuliko kimo cha mtu aliyenyoosha mkono tena mara mbili yake, lisakafiwe miti iliyobanana, lizibwe pande, ngazi uivute juu ukishapanda, na muwe wawili. Haja ndogo kopo. Kushuka usiku kufukuza nguruwe kwa miguu sahau.

shamba_boy_87
Mzee hapo kwenye kandambili nimefunga mlango na saa hizi ni saa 9 mchana. Dungu langu mimi ni kifua hicho hicho ulichosema. Na juzi mtoto wa jirani alisema ameona unyayo mkubwa kule kwenye korongo tukamcheka. Barua nampelekea mtendaji kesho.

dallas_mbongo
Mambo vipi wabongo, niko Texas mwaka wa 9. Huku nguruwe mwitu (si hao wenu, huku ni waliotoroka kufugwa wakachanganyika na wale wa Ulaya) wamezidi milioni 2 na wakulima wanalia hivyo hivyo. Tangu Septemba 2019 kwenye ardhi ya mtu binafsi ukipewa ruhusa na mwenye shamba huhitaji hata leseni ya kuwinda, na kuna watu wanalipa kuwapiga kutoka kwenye helikopta. Na bado hawaishi, nguruwe mmoja jike huku anazaa watoto watano sita na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka.

Ninachotaka kusema, rancha niliyekuwa namsaidia wikiendi alinikataza kumpiga mmoja mmoja. Ukiua mmoja usiku waliobaki wanajifunza, wanabadili njia na muda. Yeye ana boma kubwa la chuma la duara, anamwaga mahindi wiki mbili geti likiwa wazi mpaka familia nzima izoee, ana kamera, siku wote wako ndani anabonyeza simu geti linashuka. Mara moja tumepata 17.

NB kwa wabongo wa huku wenye viza ya masomo, hiyo habari ya leseni haihitajiki isiwadanganye. Sheria ya serikali kuu inamkataza mwenye viza ya muda kushika bunduki, na mlango wenu wa kawaida ni kuwa na leseni halali ya kuwinda mfukoni. Ikateni hata kama jimbo halikuulizi. Kuna mtu anaweza kupoteza viza kwa sababu ya picha ya Instagram.

babu_wa_dungu
Kijana wa Dallas sisi huku simu yenyewe tunaipandia mchungwa kupata mtandao, geti litashuka lini 😂 Ila neno lako la familia nzima ni kweli kabisa. Ndo maana mtu mmoja mwenye gobore hamalizi nguruwe, anawahamishia tu kwa jirani, jirani anawarudisha.

Shamba_boy wakati unasubiri askari fyeka. Ukingo wa shamba ufyekwe upana wa hatua 15 hivi pande zote, nguruwe hapendi kuvuka peupe na simba naye hana pa kujibanza. Mihogo uliyonayo karibu na kichaka ivune hiyo kwanza hata kama haijafikia vizuri. Mwakani mihogo ipande karibu na nyumba na ufuta uweke huko pembeni, ufuta hawausumbui sana.

sister_zahanati
Na kwenye nyama kwa watakaoipata kihalali, ipikwe ikaive mpaka ndani isibaki wekundu hata kidogo, mishikaki ya haraka haraka ya nguruwe pori siishauri kwa sababu ya minyoo. Anayechuna avae glavu, kama ana kidonda mkononi amwachie mwingine. Na wenye nguruwe wa kufuga msiwatupie utumbo wala kuwapa maji mliyooshea nyama. Nguruwe pori anaweza kuwa na homa ya nguruwe ya Afrika akiwa mzima kabisa haonyeshi chochote, binadamu haimdhuru ila banda lako zima linaisha.

ngiri_au_nguruwe
Swali la mgeni, huyu si ndo ngiri?

scout_mstaafu
Hapana. Ngiri utamwona mchana, uso una vinundu, akikimbia mkia umesimama kama antena. Nguruwe pori ni wa usiku, ana manyoya, masikio yana vishungi, akikimbia mkia uko chini. Watoto wake wana michirizi mgongoni.

shamba_boy_87
Wakuu nimerudi baada ya siku 19, mrejesho.

Gobore lilirudi, jirani kaninunia. Mtendaji aliandika barua tukasaini kaya 23, siku ya 12 wakaja askari wawili na afisa. Kabla hawajaja nilifanya kama alivyosema mtu wa Makunduchi, nikazunguka na umande, nikakuta vijia vitatu na vyote vinakwenda kwenye korongo lenye mianzi, kuna tope hapo na mti mmoja umesuguliwa mpaka unang'aa. Nikawapeleka.

Tuliingia saa 1 asubuhi, upepo unatupiga usoni. Wanakijiji tulikuwa upande wa juu tunapiga madebe tunashuka taratibu kwa mstari, askari walikuwa chini peupe wametuambia atakayepita jiwe fulani jeupe atarudishwa nyumbani, maana risasi zao zilikuwa zinaelekea bondeni. Kwa dakika kama 20 hakuna kitu, mimi nikaanza kuona aibu. Halafu mianzi ikatingishika sehemu tano kwa pamoja. Sijawahi kusikia sauti ile karibu, ni kama mtu anakohoa ndani ya pipa. Walianguka wawili, dume moja kubwa sana lenye kovu puani na jike. Wengine watatu walipita kushoto, mmoja alipita katikati ya miguu ya kijana wetu, kamwangusha tu hakumchana, suruali ndo imepona kwa kushonwa. Pikipiki ya sister ilikuwepo na mafuta full, haikutumika.

Nyama afisa alichukua vipimo, iliyobaki ikazikwa mbele ya macho ya vijana wa machimbo, siku hiyo hakuna aliyenisalimia. Kuhusu ule unyayo wa korongoni, askari aliuangalia akasema ni fisi. Nililala vizuri kidogo.

Ukingo nimefyeka pande tatu, wa nne una mkorosho wa mzee siwezi kuukata. Usiku wa kuamkia leo wameingia tena kwa upande huo huo, bua 6 tu. Kwato ni ndogo ndogo, naona kama ni wale watoto wamekua. Babu wanarudi hawa au wanapita?

babu_wa_dungu
Wanarudi. Funga miiba chini ya huo mkorosho leo kabla jua halijazama.